Shilingi 600 za Mtaro: Uchambuzi wa Kisa cha Ushuru Katika Kichochoro Kimoja cha Eastlands

Kichochoro chetu kina nyumba 38, lango moja la chuma, na mtaro unaopita mbele ya lango hilo ukiteremka kuelekea Mto Ngong. Kiko Eastlands, Nairobi, upande wa Outering Road, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nimekuwa mweka hazina wa chama cha wakazi kwa miaka sita. Kila nyumba hutoa shilingi 1,500 kwa mwezi, na wote wakilipa tunapata 57,000. Walinzi wawili, wa mchana na wa usiku, huchukua 36,000. Vijana wa taka huchukua 7,600, yaani 200 kwa kila nyumba. Zile 13,400 zinazobaki hulipia taa na umeme wa kichochoro, na humlipa fundi wa kuzibua bomba la majitaka, ambalo huziba mara nyingi mno. Kila mwisho wa mwezi mimi hubandika hesabu langoni, kwa mwandiko wangu, na yeyote apitaye anaweza kuzisoma.

Machi 2025, mawingu ya masika yakiwa yameanza kutanda, kamati yetu ya watu watano iliamua kwamba mtaro uzolewe uchafu kabla ya mvua. Mwenyekiti aliandika ujumbe katika kikundi cha WhatsApp saa tatu usiku: kila nyumba itoe shilingi 600 za ziada kufikia Ijumaa. Mkutano haukuitishwa. Nyumba 36 zilitoa, zikapatikana 21,600. Vijana wanane walifanya kazi siku tatu kwa ujira wa 800 kwa siku, na mikokoteni ya kubeba tope ikachukua 2,400 zilizosalia. Waliotukatalia ni wawili, nyumba namba 17 na nyumba namba 3, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu ya tofauti iliyopo kati ya sababu hizo mbili.

Namba 17 anaishi muuguzi wa hospitali ya umma. Alinitumia picha ya hati yake ya mshahara, chini yake akaandika: “Mwalimu, hizo 600 nimeshalipa. Hebu niangalizie zilipoenda.” Niliketi nikaipigia hesabu kama ninavyofanya ubaoni. Mshahara ghafi ni 60,000. Bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, ni 1,650. Tozo ya nyumba, ya kugharimia nyumba za bei nafuu za serikali, asilimia 1.5, ni 900. Kodi ya mapato ni 8,538. Kuna pia akiba ya uzeeni, 3,600, ambayo siiiti ushuru kwa kuwa ni yake na inatarajiwa kumrudia. Zinazomfikia mkononi ni 45,312. Kabla hajanunua hata kipande cha sabuni, serikali imekwisha kuchukua 11,088, na sabuni yenyewe akiinunua ataongeza asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani.

Mzee wa namba 3 alikuja mwenyewe kwa miguu, amekumbatia kopo la biskuti lililoshika kutu. Ndani yake mlikuwa na risiti za kodi ya kichwa ya enzi za ukoloni alizoachiwa na babake, karatasi zimegeuka rangi ya chai na kukatika kwenye mikunjo. Alizipanga mezani kwangu moja moja. “Mwalimu,” akaniambia, “baba yangu alilipa hizi zote, na akizisahau nyumbani alikamatwa njiani. Hakuna aliyemchimbia hata shimo la choo. Mimi 600 zenu sitoi, na kama ningekuwa na njia hata ile ya serikali nisingetoa. Shule niliyosomea tuliijenga kwa harambee.”

Usiku wa Alhamisi moja ya Aprili mvua ilinyesha saa nne mfululizo. Mtaro wetu ulikuwa safi, vijana walikuwa wameufanyia kazi vizuri. Lakini maji hayakutujia kutoka juu. Yalipanda kutoka chini, yakirudi kinyumenyume katika mtaro uleule tulioulipia, yakaingia nyumba nne za mwisho na kufika kwenye magodoro. Nje ya lango, kibanda cha mama anayetuuzia mboga kilijaa hadi usawa wa meza. Nilimkuta alfajiri amesimama majini, kanga amefunga juu ya magoti, akiokota vitunguu vilivyokuwa vikielea na kuvitia ndoo, kimoja kimoja, kwa utulivu ulionitia huzuni kuliko kama angelia. Gunia la viazi lilikuwa limezama lote.

Kulipokucha tulifuata mtaro hadi tulipokuta chanzo. Mita 400 hivi kutoka langoni, baada ya kupita vichochoro vingine vitatu, ukuta wa jengo moja umejengwa juu ya mtaro wenyewe, na maji yote ya upande wetu yameachiwa bomba lenye upana wa mdomo wa ndoo. Hata tungechanga mara kumi ya tulichochanga, tungekuwa tunasafisha njia ya maji yasiyo na pa kwenda.

Nianze uchambuzi hapo, kwa sababu ndipo mambo mengi yanapofunguka. Mtu akitetea ushuru kwa kawaida huzungumzia fedha: barabara ni ghali, mtu mmoja haiwezi, basi tuchange. Kisa chetu kinaonyesha kwamba fedha hazikuwa kikwazo. Hatukuwa na mamlaka. Chama cha wakazi hakiwezi kumwamuru mwenye jengo la mita 400 avunje ukuta wake. Hakiwezi kuingia katika kiwanja chake, wala kulazimisha vichochoro vitatu vilivyo katikati vichange. Harambee ya mzee wa namba 3 ni jambo kubwa katika historia yetu. Shule nyingi za sekondari zilizochipuka miaka ya mwanzo ya uhuru zilijengwa hivyo, kwa mbuzi na kuku na mawe ya kubebwa kichwani, na simvunjii heshima hata kidogo. Lakini harambee hufika pale tu hiari ya watu inapofika. Mtaro unavuka mipaka ya hiari, na anayeumia huwa upande wa juu wa yule anayeuziba. Penye hali kama hiyo panahitajika chombo chenye nguvu ya sheria, chenye kuweza kumlazimisha kila anayenufaika achangie na kila anayedhuru aache, na chombo hicho hakiwezi kuishi kwa sadaka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitaja jambo hili kwa jina. Jedwali la Nne linaweka mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na huduma za maji, usafi na uzimaji moto. Nililisoma jedwali hilo mkutanoni siku ya Jumapili, na muuguzi akaniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa: “Sasa Mwalimu, kama ni kazi yao na mimi nimewalipa, wewe unanidai ya nini?”

Ana haki. Ni kweli kwamba makato yake huenda kwa serikali ya kitaifa, na kaunti hupokea mgao. Ibara ya 203 inataka mgao wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ni kweli pia kwamba kaunti ina vyanzo vyake, kama kodi ya ardhi na leseni za biashara. Lakini mlipaji hana sababu ya kujali fedha zimepita mifuko mingapi. Tulipokwenda kulalamika, ofisi ya kwanza ilitueleza kwamba mtaro ulio kando ya barabara ni wa ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikatueleza kwamba mtaro ukishaacha barabara na kuingia mtaani ni wa ile ya kwanza. Sisi tulikuwa tumesimama pale unapoacha barabara. Hii ndiyo sura halisi ya kulipa mara mbili ambayo wakazi wa Nairobi wanaifahamu: unalipia polisi na unaajiri mlinzi, unalipia shule na unatafuta ya binafsi, unalipia maji na unanunua ya mkokoteni.

Hayo maji ya mkokoteni yanahitaji hesabu yake. Mifereji ikikauka, sisi hununua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na ukiwadia ukame bei hupanda. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50, kwa hiyo tunailipia shilingi 1,000, bei ambayo ni mara nyingi zaidi ya ile ya mfereji. Mama wa kibandani, anayeishi chumba kimoja kisicho na mfereji, hulipa bei hiyo mwaka mzima. Huduma ya umma inapokosekana gharama haifutiki. Humwangukia mwenye uwezo mdogo wa kuibeba. Kwa sababu hiyo naona kosa kubwa katika rai ya mzee kwamba kila mtu ajitegemee. Katika mji wa watu waliobanana kama wetu, kujitegemea hugeuka kuwa kumwachia jirani wa chini maji yako.

Hata hivyo, tuliomlaumu muuguzi tunapaswa kujitazama. Nyumba isiyolipa 1,500 bado hulindwa, kwa sababu mlinzi hawezi kuwaruhusu wezi waingie kwa namba 17 pekee. Taa ikiwaka humulika wote. Ndiyo hoja ambayo chama chetu kimeitumia miaka yote kuwadai wanaochelewa, kwamba haifai kuota moto ambao wengine wameuletea kuni, na ni hoja njema. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo msingi wa ushuru wa serikali. Hatuwezi kuikubali langoni kisha tukaikataa barabarani. Na ikiwa tunaikubali, basi tukubali pia masharti yake. Muuguzi hajawahi kukosa kulipa zile 1,500, ambazo ziliamuliwa mkutanoni na ambazo matumizi yake hubandikwa. Alikataa 600 zilizoamuliwa na watu watano kwa simu. Ibara ya 210 inasema kwamba hakuna ushuru utakaotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na Ibara ya 201 inataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma, tena mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kamati yetu ndogo ilifanya kile ambacho tungekilaani kikifanywa na Bunge. Nililikiri hilo mbele ya mkutano, kwa sababu mimi ndiye niliyezipokea fedha.

Ninajua pia kwa nini neno hili lilimchoma muuguzi kuliko wengine. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024 alikuwa zamu. Siku hiyo vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha uliokusudia kuongeza ushuru, wakaingia Bungeni, na wenzao wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Wapo waliosema vijana wale hawataki kulipa ushuru. Muuguzi aliyewafunga vidonda anasema hakusikia hata mmoja akisema hivyo. Aliwasikia wakiuliza fedha za kwanza zilikwenda wapi. Mji huu umewahi kuuliza hivyo. Ushuru wa vibanda uliwekwa na Waingereza mwaka 1901, kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910, na nia mojawapo ilikuwa kumsukuma Mwafrika aende kutafuta kibarua katika mashamba ya walowezi. Harry Thuku aliyapinga mambo hayo, kodi na kipande (hati ya utambulisho ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba) na kupunguzwa kwa ujira, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakamiminiwa risasi. Risiti za kopo la mzee zinatoka katika ukoo huo. Alichokilipa babake hakikuwa ushuru kwa maana ninayoitetea hapa. Kilikuwa tozo ya mshindi kwa mshindwa, na mzee ana kila haki ya kulitilia shaka neno lenyewe.

Sisi wa Nairobi tukisema kodi, aghalabu tunamaanisha ile ya landilodi. Ya serikali tunaiita ushuru. Nadhani lugha imetuhifadhia tofauti yenye maana. Kodi ya nyumba ina chumba chake, na usipolipa unafungiwa mlango. Ushuru hauna chumba. Mamlaka ya ushuru inatuhimiza, “Tulipe ushuru, tujitegemee,” na ninaiunga mkono kauli hiyo kwa moyo wote, ila ile “tu” ya pili lazima imjumuishe mama anayeokota vitunguu majini.

Kuhusu mama huyo, mmoja wetu alisema mkutanoni kwamba asihesabiwe kwa kuwa “hata ushuru halipi.” Nilikasirika, na sijutii. Hana hati ya mshahara, lakini hulipia sabuni, mafuta ya taa na muda wa simu kama sisi, na nauli anayotoa kwenda soko la Wakulima alfajiri ina ndani yake ushuru wa mafuta, ambao Julai 2023 ulipandishiwa kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 8 hadi 16. Kwa kipimo cha alicho nacho, huenda anatoa zaidi kuliko mwenyekiti wetu.

Basi ni huduma zipi zistahili fedha hizi? Kisa kimenipa kipimo ambacho nimekijaribu mara kadhaa tangu wakati ule na bado kinasimama: huduma inastahili ushuru pale ambapo kumnyima mmoja ni kuwadhuru wengi, au pale ambapo anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuinunua. Mtaro na majitaka vinaingia bila mjadala, na zimamoto pia. Mwaka 2018 moto wa soko la Gikomba uliua watu 15 usiku mmoja, na moto hauishii kwenye kibanda cha asiyelipa. Chanjo na vita dhidi ya kipindupindu vinaingia. Shule ya msingi naitetea kwa ushuhuda: nilikuwa darasani Januari 2003 karo ilipofutwa, watoto wakaja wakubwa kwa wadogo hadi wengine wakaketi sakafuni, na baadhi yao leo ni wazazi wanaoniletea watoto wao. Taka ni kisa cha katikati. Kuzizoa mlangoni pangu naweza kulipia mwenyewe, lakini pahali pa kuzitupa hapawezi kuwa jambo langu. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaelekea huko.

Tozo ya nyumba ndiyo inayonipa shida. Ibara ya 43 inatambua haki ya makazi, na siipuuzi. Lakini nyumba ni kitu chenye kufuli. Ikishajengwa humfaa aliyepata ufunguo, ilhali walipaji ni wengi mno kuliko funguo zitakazopatikana. Mahakama Kuu iliitangaza tozo ya kwanza kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba iliwabana wenye mishahara peke yao. Sheria mpya ya Machi 2024 ikaipanua hadi kwa wenye mapato yasiyo ya mshahara. Kasoro ya usawa wa walipaji imeshughulikiwa, angalau kwa maandishi. Usawa wa wapokeaji haujaguswa. Kwa maoni yangu, zile 900 za muuguzi zingewapa makazi bora watu wengi zaidi kama zingepeleka mabomba na mitaro katika mitaa ambayo watu tayari wamejijengea.

Mkutano uliamua mambo mawili. Zile 600 zilihesabiwa kama malipo ya mwezi wa Mei, kwa hiyo nyumba 36 zilitoa 900 tu mwezi huo, na tangu sasa hakuna mchango utakaoitishwa bila mkutano. Pili, tuliandika barua na kuizungusha katika vichochoro vyote vinne vinavyotumia mtaro. Muuguzi ndiye aliyeibeba, jioni baada ya zamu, na alirudi na sahihi 212. Mzee hakutia sahihi. Alitoa kopo lake, akamruhusu muuguzi apige picha ya risiti moja na kuiambatisha.

Wafanyakazi walikuja mwezi Juni na majembe na tingatinga dogo, wakachimba kwa siku mbili kutoka upande wa barabara, wakafika kwenye ukuta wakasimama, wakisema ukuta unahitaji hati ya kisheria ambayo wao hawanayo. Mama ameinua kibanda chake juu ya mawe manne. Barua ya pili, inayoomba hati hiyo, imepelekwa, na nakala yake nimeibandika langoni chini ya hesabu za mwezi, pamoja na muhuri wa ofisi iliyoipokea na tarehe.